Malkia Amewika

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amepiga simu leo. Nimemdanganya vizuri sana.

Aliuliza kuku wanaendeleaje. Nikamwambia wanataga mpaka naogopa kukanyaga. Akauliza mipapai. Nikamwambia imepinda kwa uzito. Ukweli ni kwamba yai sijaliona. Papai, hata la dawa. Lakini huo si uongo. Ni habari njema iliyowahi kufika tu.

Alikwenda kwa binti yetu kusaidia kulea. Alisema atakaa mpaka mjukuu akaze shingo. Mjukuu alikaza shingo, akakaa, akatambaa, na sasa nasikia anafukuza paka. Mke wangu bado anasaidia. Labda anamsaidia paka.

Mimi simlaumu mtu. Nimestaafu ukarani wa posta kwa heshima zote, nina nyumba, nina ua mkubwa, nina akili. Siku anaondoka alisema nyumba hii imekuwa kimya, na mimi hata nikiwepo ni kama sipo. Maneno mazito hayo. Niliyatafakari sana, nikalijua tatizo: ua ulikuwa mtupu. Mwanamke gani atapenda kukaa anatazama vumbi?

Ndipo mradi ukazaliwa. Juu miti ya matunda, chini kuku wa kienyeji. Hakuna mbolea ya gunia, hakuna dawa ya dukani. Kuku anakula wadudu na kuacha mbolea, mti unampa kivuli. Kila mmoja anamtegemea mwenzake. Akisikia faida atarudi mbio.

Kabla hajakata simu aliuliza kama niko sawa peke yangu. Nikamwambia sina hata nafasi ya kukaa chini. Kisha nikakaa chini mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimemimina vikombe viwili. Mazoea tu.

Jumanne, 4 Machi

Leo Shangazi amewika.

Shangazi ni kuku wangu. Wote nimewapa majina ya heshima: Malkia, Bi Harusi, Mama Mkubwa na Shangazi. Niliwachagua mwenyewe kwa mchuuzi, walipoanza tu kuota manyoya. Vile vidogo vilivyojikunyata kwenye kona ya tenga nilivikataa. Nikachukua wenye miguu minene, upanga mwekundu kichwani, wanaomtazama mtu usoni. Mchuuzi aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia mimi vinyonge sichagui.

Sasa Shangazi awike? Nimelitazama jambo hili kwa utulivu. Kila kundi lina jogoo wake, si ajabu. Nimembadilisha jina. Kuanzia leo ni Mjomba.

Kuhusu mayai nimegundua mbinu. Kuku hawa ni wageni wa kazi, hawajaonyeshwa. Nimewatengenezea viota kwa maboksi na nyasi kavu, kila kiota nikaweka limau kuwa mfano. Malkia alikwenda kulitazama lake. Akalikagua kwa jicho hili, akalikagua kwa jicho lile. Akalipiga teke likaviringika hadi uani kwa jirani.

Jirani akalirudisha mwenyewe, kwa bahati mbaya. Huyu tunamwita Bwana Afya kwa kuwa alikuwa afisa wa afya, na mpaka leo hajaacha ukaguzi. Tangu mkewe afariki hana wa kumkagua, basi ananikagua mimi. Kila asubuhi anaegemea ua wa mpakani na kikombe chake. Akauliza, kuku wangu wanataga malimau siku hizi? Nikamwambia ni utafiti. Akasema, aa, utafiti. Akanywa chai yake taratibu kwa dharau.

Na mipapai yake ndiyo inayonikera zaidi. Tena ni mipapai yangu! Mwaka jana yangu ilipotoa maua ya kwanza niliikagua mmoja mmoja. Mingine ilikuwa na maua tele, yamening'inia kwenye vikonyo virefu, mapambo matupu, ukipita unasikia harufu. Mingine ilikuwa na ua moja moja, limebana shinani, linaona aibu. Mivivu. Nikaamua kuing'oa. Bwana Afya akaomba aichimbe na udongo wake akaipande kwake. Nikampa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Leo ile mivivu imezaa mpaka ameiwekea magongo isianguke. Na yangu bado inachanua tu.

Nashuku anatia dawa usiku.

Alhamisi, 6 Machi

Maji yamenifika shingoni!

Binti amepiga simu, sauti ya chini chini. Kasema Mama anakuja Jumamosi kuona mradi. Kisha akasema, Baba, sikiliza vizuri: amefungasha lile begi kubwa, si lile dogo. Nikauliza maana yake nini. Binti akavuta pumzi ya mtu anayezungumza na ukuta. Kasema maana yake inategemea wewe, Baba, tafadhali usiharibu.

Mimi? Kuharibu?

Begi kubwa! Nilizunguka uani nikiimba. Nikafagia chumba, nikafagia uani, nikazifuta ndala zake za buluu zilizo mlangoni. Hizo huwa nazifuta mara kwa mara. Ndala za pili mlangoni huwatisha wezi. Mwizi akiona jozi mbili anajua humu ndani kuna watu.

Kisha nikasimama chini ya mipapai, nikaona ilivyo. Maua tu. Na Bi Harusi naye akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakunjua shingo, akawika mara tatu kwa sauti nene ya kiume. Sasa ni Bwana Harusi. Mjomba akamjibu. Wakapigana.

Lakini penye nia pana njia. Kama mapapai hayajaja mtini, yatapelekwa mtini. Nikaenda kwa fundi cherehani, mtu wa siri, nikamwomba aninunulie mapapai kwa Bwana Afya kama vile ni yake. Nikamsisitizia: jina langu lisitajwe hata kidogo. Fundi akaapa kwa sindano yake.

Jioni Bwana Afya akabisha hodi mwenyewe na kapu kichwani. Akasema fundi kamwambia mzigo huu ni wangu ila nisijue kuwa anajua. Akakataa malipo. Akasema ni haki yangu, kwani mipapai yangu inaisaidia sana ile yake. Sikuelewa. Nikamwambia asijipendekeze.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kazi. Mgongo sina.

Nimepanda ngazi tangu asubuhi. Kila mpapai nimeufunga mapapai yake kwa uzi wa fundi viatu, ule usiokatika, chini kidogo ya majani. Ukisimama mlangoni huoni uzi. Ukisogea unauona, lakini kwa nini mtu asogee? Yaliyokaa chini sana kuku wameyadonoa. Nimeyageuza upande wa pili.

Mayai nimenunua dukani. Kasoro ni moja: meupe. Mke wangu si mtoto, ataona si ya kienyeji. Hapo ndipo akili ya karani inapoonekana. Nikaweka sufuria motoni, nikatia majani ya chai mengi, nikatumbukiza mayai yote, nikayaacha yatokote mpaka yakashika rangi. Yametoka na rangi ya udongo, mazuri, mazito mkononi. Nimeyatandaza kwenye viota badala ya malimau. Nilisimama nikayatazama kwa fahari, nikasahau kabisa kuwa si yetu.

Mama Mkubwa amewika adhuhuri. Baba Mkubwa sasa.

Amebaki Malkia. Malkia ni mtetea, naapa. Ana mwendo wa kike. Ndiye ninayekaa naye jioni pale kizingitini, namweleza habari za siku. Ananisikiliza kichwa kikiwa upande, hanikatizi. Leo nimemwambia kesho kuna mgeni, ila si mgeni, ni mwenyewe. Nikamwomba asiniaibishe. Nikajikuta nalia kidogo. Ni kile kitunguu nilichokata mchana.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike yote kama yalivyotokea.

Amekuja. Begi kubwa, kweli, dereva wa bodaboda ametoka jasho kulishusha. Mke wangu amenenepa kidogo, kumempendeza. Nilikuwa nimepanga kumwambia hivyo. Badala yake nikamwambia asilaze begi hapo, njia ya kuku.

Aliingia, akaona ndala zake. Akainama akaziokota. Akapitisha kidole juu, akakitazama. Akaniuliza mbona hazina vumbi, muda wote huu. Alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu ujana wetu. Na mimi, mwenye akili, nikamweleza mbinu ya wezi. Nikaieleza yote, mwanzo hadi mwisho. Akazirudisha chini taratibu. Akasema, kumbe.

Nikamtoa uani. Nikamsimamisha mlangoni pale pale nilipopanga, nikanyoosha mkono: tazama! Akatazama. Kisha akasogea. Kwa nini watu husogea? Akafika chini ya mpapai wa kwanza, akashika papai kwa ncha ya kidole, likayumba kama kengele. Akafuata uzi kwa macho mpaka juu. Akatazama maua, akaenda mpapai wa pili, akatazama maua, wa tatu, maua. Mdomo ulianza kumtetemeka.

Akasema, Mzee, hii yote ni midume. Nikasema midume vipi, mti? Akasema mpapai dume ndio wenye maua marefu ya kuning'inia, hauzai mpaka kiama, kazi yake ni kuchavusha majike. Jike lina maua ya kubana shinani. Akauliza iko wapi mijike. Kutoka ng'ambo ya ua sauti ikasema, huku kwangu, shemeji, karibu. Bwana Afya na kikombe chake! Na muda huo huo Malkia, Malkia wangu, aliyenisikiliza jioni zote zile, akaruka juu ya begi kubwa, akapiga mbawa, akawika.

Akawika vizuri kuliko wote.

Mke wangu akacheka. Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo, akafuta machozi kwa kiganja, akasema mume wangu, ua mzima huu hakuna jike hata mmoja, ni wewe na madume wenzako tu! Na mimi nikacheka. Bwana Afya akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijacheka na mtu humu ndani tangu sijui lini. Nilitamani papai lidondoke ili aendelee.

Halafu, bado yuko kwenye ndoo, akaniuliza kwa sauti ya upole: haya yote, uzi na mapapai, ulikuwa unamfanyia nani? Akangoja. Nilijua jibu. Lilikuwepo kabisa, lilifika hapa kooni. Nikasema, wateja.

Akainuka, akasema atakaanga mayai. Lile la kwanza alilipiga ukingoni mwa kikaango. Halikupasuka vizuri. Akalipiga tena. Likatoka zima, gumu, limeiva. Safari hii hakucheka sana. Kasema kuku wako wamekurahisishia maisha, hata mpishi huhitaji.

Begi bado liko sebuleni. Halijafunguliwa.

Jumapili, 9 Machi

Begi limeondoka kama lilivyokuja.

Asubuhi alifagia jikoni, akanifulia shuka, akanionyesha chumvi iliko, kama vile mgeni ni mimi. Nilimfuata chumba hadi chumba nikimweleza mipango ya kupanda mijike. Nikamwambia nitanunua mitetea wa uhakika. Nikamwambia faida mwaka kesho itakuwa hivi na hivi. Alikuwa ananisikiliza kichwa kikiwa upande. Nikamkumbuka Malkia, nikapoteza mtiririko.

Kwenye lango akasimama. Akasema siku nikimhitaji yeye, nimwite yeye. Nisiite mapapai, nisiite mayai. Nimwite yeye tu, hata bila mradi, hata ua ukiwa vumbi tupu, atakuja. Akasema neno lenyewe ni fupi, halihitaji ngazi.

Nikamwambia asisahau papai la mjukuu. Nikapanda ngazi nikamkatia. Niliposhuka bodaboda ilikuwa imekwisha washwa.

Nyumba haina sauti. Nilidhani nimeizoea. Jana kulikuwa na mtu anakohoa chumba cha pili, anafungua bomba, anauliza kisu kiko wapi. Mtu mmoja tu huyo, na nyumba ilikuwa imejaa. Majogoo wanawika kwa zamu tangu alfajiri, lakini hiyo si sauti ya nyumba. Nimekaa kizingitini. Malkia alikuja akasimama mbele yangu. Nimemwambia simtaki. Baadaye nikamwita.

Jumatano, 12 Machi

Nimewaza yale maneno ya langoni siku hizi zote. Nimwite yeye, nisiite mapapai. Fumbo gumu. Wanawake huzungumza kwa mafumbo.

Nimelazimika kumuuliza Bwana Afya. Ilinigharimu, lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Alisikiliza, akaweka kikombe chake juu ya nguzo ya ua. Kasema hakuna fumbo hapo, jirani. Mpigie, useme rudi nyumbani nimekukosa. Kisha ufunge mdomo.

Nikasema hivyo tu? Hivyo tu, kasema. Kisha akasema yeye angetoa mipapai yake yote, na magongo yake, kupata nafasi ya kumpigia wake. Simu haifiki aliko. Akachukua kikombe, akaingia ndani bila kumaliza chai. Sijawahi kumwona akiacha chai.

Nilibaki pale uani peke yangu. Kilinichoma kitu. Jogoo wa shamba hawiki mjini, wanasema, na mimi hata shambani kwangu nimeshindwa kuwika.

Nimeamua. Jumamosi napiga simu. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: rudi nyumbani, nimekukosa. Mara ya kwanza ilitoka kama tangazo la posta. Mara ya tano ilikuwa nzuri, mpaka mwenyewe nikaguswa.

Jumamosi, 15 Machi

Siku kubwa! Nimeoga, nimevaa shati la kazini, nimenyoa. Najua ni simu, haoni. Heshima ni heshima.

Kabla ya kupiga nilipita sokoni mara moja, kumwuzia mchuuzi wale majogoo. Wote isipokuwa Malkia, ambaye ni wa nyumbani. Mchuuzi alifurahi. Na pembeni yake kulikuwa na tenga jipya, nikachungulia.

Sungura!

Kwa nini sikuwaza mapema? Wanazaana kama hesabu ya kuzidisha. Wanakula majani ya bure, hawawiki, samadi yao inafaa miti. Chini ya mipapai pale ndipo mahali pao hasa. Na wana manyoya laini, jambo ambalo mwanamke hawezi kulipuuza. Nikachagua papo hapo. Kulikuwa na wadogo wenye vichwa vyembamba, wamejibana nyuma wanatetemeka. Nikawaacha. Nimechukua wawili wenye vichwa vikubwa, mashavu mapana, shingo nene, waliokuja mbele wenyewe kunitazama usoni. Mmoja nimemwita Malaika, mwingine Bibi. Mchuuzi aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Watu hawa husahau wateja wao.

Nimefika nyumbani, nimeketi kizingitini, nimepiga. Simu haikulia hata mara mbili, akapokea. Kana kwamba alikuwa ameishika mkononi.

Nikasema, mke wangu. Akasema, naam. Sauti yake ilikuwa chini, laini. Nilisikia mjukuu kwa mbali, na yeye akimwambia mtu anyamaze. Nikasema, nilitaka kukwambia kitu. Akasema, sema, mume wangu, nakusikia. Na kweli alikuwa ananisikia, nilijua. Neno likapanda. Likafika kooni, likafika ulimini, nikafungua mdomo.

Nikasema, sungura.

Nikamweleza faida zote, bila kuacha hata moja, na manyoya nikayataja. Nilipomaliza kasema hongera, mzee. Kisha akakata. Mtandao wa huko ni mbaya.

Nadhani nimemgusa. Sungura wakizaa nitamtumia picha, na hapo hawezi kukaa huko. Malaika na Bibi nimewaweka banda moja. Wanapigana, lakini ni ugeni tu.

Bwana Afya alichungulia akauliza kama nimepiga. Nikamwambia nimepiga, imekwenda vizuri. Alifurahi mpaka akanipa papai.

Nimelikata vipande viwili. Kimoja nimekula. Kisha nimechukua kitambaa nikazifuta ndala za mlangoni. Wezi siku hizi ni wengi.